Ufunguo Ulionifundisha Kuuliza

Wahenga walisema kwamba kuuliza si ujinga. Msemo huo niliusikia tangu utotoni, lakini maana yake niliijua ukubwani, tena kwa sababu ya kitu kidogo kinachoenea kiganjani: ufunguo wa gari.

Gari letu ni kuukuu. Lilitengenezwa Japani mwaka 2004, likaletwa hapa Uganda likiwa limekwisha tumika huko, nasi tukalinunua kwa mtu aliyekwisha lichosha. Limetuchukua kati ya Jinja na Iganga, kwa mama mkwe wangu, mara nisizoweza kuzihesabu. Tulikabidhiwa ufunguo mmoja tu, wenye vitufe viwili kichwani, kimoja cha kufunga milango na kingine cha kuifungua. Muuzaji alituambia kwamba wa pili ulipotea zamani. Hatukulitilia jambo hilo maanani.

Kabla ya mkasa wenyewe, ufunguo ulikuwa umetuonya kwa majuma kadhaa. Zamani nilikuwa nikifungua gari nikiwa barazani. Baadaye ikanilazimu kulisogelea, kisha kubonyeza mara mbili, kisha mara nne. Nilidhani ni uzee wa gari, nikaendelea na shughuli zangu.

Usiku mmoja mtoto wetu mdogo alishikwa na homa kali. Nilibonyeza kitufe, gari likakaa kimya. Nikatumia ncha ya chuma kuufungua mlango kwa mkono, na papo hapo king'ora kikalia hata majirani wakatoka nje. Mume wangu alifungua boneti na kung'oa waya wa betri ili kelele zikome. Mtoto alikuwa anatetemeka mgongoni mwangu. Tulimtafuta mwenye bodaboda, na ilipita karibu saa nzima kabla ya kumpata. Mtoto alitibiwa akapona, namshukuru Mungu, lakini saa ile sijaisahau.

Kulipopambazuka tulimwita fundi wa gereji. Aliurudisha waya wa betri, king'ora kikalia tena, naye akautoa haraka. Alibonyeza ufunguo, akatikisa kichwa, akasema kompyuta ya gari imeungua. Kompyuta nyingine pamoja na ufunguo mpya vingegharimu shilingi 650,000. Fedha hizo tulikuwa nazo kabatini, lakini zilikuwa ada ya muhula ya binti yetu mkubwa. Mume wangu aliniambia, "Mama watoto, bila gari tutafanyaje usiku mwingine kama ule?" Sikuwa na jibu.

Jioni nilimwendea mzee mmoja wa mtaani kwetu ambaye kazi yake kwa miaka mingi ni kutengeneza redio. Nilimwamkia, naye akanikaribisha, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza swali moja tu: "Binti yangu, injini inawaka?"

Nilipigwa na bumbuazi. Hakuna aliyejaribu kuiwasha. Si mimi, si mume wangu, wala fundi aliyetaka shilingi 650,000.

Tulikwenda pamoja. Mzee akaurudisha waya, king'ora kikaanza kulia, akaniambia niingie niuzungushe ufunguo kana kwamba hakuna lililotokea. Nilipouzungusha, king'ora kikanyamaza na injini ikanguruma. Kumbe usiku ule gari lilikuwa tayari kutupeleka hospitali, ila sisi tuliogopa kelele zake.

Mzee alinieleza kwamba ufunguo wa namna ile ni vitu viwili ndani ya ganda moja. Cha kwanza ni redio ndogo inayotuma ishara kwenye milango kila unapobonyeza kitufe. Hiyo huhitaji betri. Cha pili ni chipu yenye namba ya siri. Chipu haitumii betri hata kidogo, bali huamshwa na koili ya waya inayozunguka tundu la kuwashia gari. Ikiisha kutaja namba yake, na kompyuta ya gari ikiitambua, injini huruhusiwa kuwaka. Kwa hiyo, milango ikigoma na injini ikawaka, chipu na kompyuta ni vizima. Mgonjwa ni redio ile ndogo, au kitu kilichomo mlangoni. Injini ikikataa ilhali milango inafunguka, hapo ndipo pa kuitilia shaka chipu. Vyote viwili vikigoma, ipimwe kwanza betri kubwa ya gari, ambayo ikiwa imejaa na gari limepumzika huonyesha takriban volti 12.6.

Aliufungua ufunguo kwa ncha ya kisu, akaipima betri yake. Ilistahili kuwa na volti 3. Ilikuwa na 2.4. Alinituma dukani, nami nikarudi na iliyoandikwa 2016. Mzee alicheka, akanionyesha kwamba ya zamani iliandikwa 2032. Tarakimu mbili za kwanza ni upana, yaani milimita 20, na mbili za mwisho ni unene, milimita 3.2. Ile niliyoileta ilikuwa na unene wa milimita 1.6, ikawa inachezacheza ndani. Nikarudi dukani.

Baada ya kutia betri sahihi, kitufe cha kufunga kilitii, lakini cha kufungua kilikuwa bado kigumu. Mzee alitazama kwa kioo cha kukuza, akaona ufa mwembamba chini ya swichi, mahali palipolehemiwa kiwandani. Alipalehemu upya. Milango mitatu ikafunguka, wa dereva ukabaki kimya. Siku ya pili fundi wa umeme wa magari aliukuta waya uliokatika ndani ya mpira unaounganisha mlango na bodi, kwa kupindwa kila mlango ulipofunguliwa, mwaka hata mwaka.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: betri mbili, pamoja na ile niliyokosea, shilingi 8,000, kulehemu 10,000, waya wa mlango 20,000. Jumla shilingi 38,000. Ada ya binti ikabaki kabatini.

Hata hivyo, sitaki msomaji adhani kwamba kila gharama kubwa ni ulaghai. Mzee alinishauri nitafute ufunguo wa pili upesi, wakati wa kwanza ungali mkononi. Ufunguo mpya huhitaji kuchongwa na pia kutambulishwa kwa kompyuta, na kazi hiyo ni nyepesi zaidi panapokuwapo ufunguo unaokubaliwa na gari. Zikipotea zote, katika baadhi ya magari ya zamani hulazimu kompyuta ifunguliwe au ibadilishwe, na hapo ndipo zile laki kadhaa zinapodaiwa kwa haki. Tuliweka akiba kidogo kidogo kwa miezi mitatu, tukalipa shilingi 220,000. Fedha hizo hazikuniuma, kwani nilijua zinanunua nini. Tena, tangu sheria ya mwaka 2018 ilipokataza kuingiza nchini magari yaliyopita miaka 15, gari kama letu haliwezi kuagizwa tena. Yafaa tulitunze tulilo nalo.

Akina mama wenzangu, nina onyo moja zaidi. Betri hizi ndogo hung'aa kama sarafu, na watoto wachanga hupenda kutia mdomoni kila king'aacho. Betri ikikwama kooni huweza kuunguza nyama ya ndani vibaya katika muda wa saa mbili tu, hata ikiwa imekwisha nguvu kwa ufunguo. Ya zamani usiitupe uwanjani. Ifunge kwa utepe uihifadhi mbali na watoto. Ukishuku kwamba mtoto ameimeza, mpeleke hospitali saa ile ile, usingoje dalili.

Siku hizi ufunguo wa pili umetundikwa ukutani, juu ya mtungi wa maji, mahali ambapo kila mtu mzima wa nyumba hii anapajua. Na kila fundi anapokuja, awe wa gari, wa bomba au wa paa, kabla sijauliza bei humwuliza kwanza: umejaribu nini, na umeona nini? Fundi mwema hafurahii kitu kama kuulizwa hivyo. Asiyekuwa mwema hukumbuka kwamba ana kazi mahali pengine.