Kabla Miwani Haijatoka

Sisi wa Malangali tunaishi juu, kwenye baridi na upepo wa Ufipa. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 1,000 chini yetu. Ukitaka kulifikia utashuka kupitia Matai hadi Kasanga, au kupitia Namanyere hadi Kipili. Wengi wetu tunalijua ziwa kwa migebuka na dagaa wanaoletwa sokoni tu, na kuogelea hatujui. Hata hivyo tumejifunza jambo la imani kutoka kwa watu wanaozama humo, nasi tunapenda kuwashirikisha ndugu zetu.

Kijana mmoja wa jumuiya yetu alipata kazi kule Kipili ya kukamata samaki wa mapambo, wale wadogo wenye rangi wanaoishi miambani na kuuzwa nchi za nje ili wafugwe kwenye matangi ya kioo. Kazi hiyo hufanywa kwa kuzama na mtungi wa hewa mgongoni. Kila akipanda kutusalimia, baada ya sala tunamuuliza habari za huko chini. Tulidhani atatuambia juu ya samaki. Lililotushangaza ni kwamba katika mafunzo yake alifundishwa mapema sana kukaa majini bila kuona.

Mzamiaji huvaa miwani kubwa inayofunika macho na pua. Jicho letu limeumbwa kuona kupitia hewa; likiguswa na maji moja kwa moja, kila kitu huwa ukungu. Miwani ile huweka nafasi ndogo ya hewa mbele ya macho, na hapo mtu huona vizuri. Lakini mkanda wake unaweza kukatika, au mwenzako akaipiga kwa mguu bila kukusudia. Ghafla maji baridi yanajaa usoni na kuingia puani, na mwili wote unapiga kelele: panda juu upesi!

Hapo ndipo penye hatari. Mtu akipanda haraka huku amebana pumzi, hewa iliyo mapafuni hutanuka kadiri uzito wa maji unavyopungua, na inaweza kuyapasua mapafu. Kwa wale wanaofanya uzamiaji wa kiufundi hatari ni kubwa zaidi. Hao hupita mita 40, ambazo ndizo mpaka wa uzamiaji wa kawaida, au hukaa chini muda mrefu. Gesi ya naitrojeni hupenya katika damu na nyama za mwili, nao hulazimika kupanda polepole, wakisimama hatua kwa hatua ili gesi itoke kwa amani. Mmoja akikimbilia juu, gesi hiyo hufanya mapovu mwilini kama soda iliyotikiswa na kufunguliwa. Anaweza kupooza, hata kufa. Ndiyo maana hata aliyekwisha kutoka majini salama hushauriwa asubiri kabla ya kupanda milima yetu, kwa kuwa huku juu hewa ni nyepesi zaidi.

Kwa hiyo mzamiaji wa namna hiyo hana mlango wa kukimbilia. Tatizo likimkuta chini, sharti alitatue huko huko chini. Basi hufanya mazoezi. Siku ya utulivu, mahali pasipo na kina, mwalimu akiwa kando yake, anaivua miwani kwa mkono wake mwenyewe. Anapumua kwa mdomo kupitia kipumulio, bila kuvuta maji puani. Anakaa hivyo, kisha anajifunza kuogelea hivyo, akimshika mwenzake mkono na kupokea ishara kwa kuguswa. Ndipo anairudisha miwani usoni, anabana ukingo wake wa juu, anainua uso kidogo na kupuliza kwa pua. Hewa inayasukuma maji yatoke kwa chini. Wale wa kina kirefu hubeba na miwani ya akiba mfukoni, na kuitoa na kuivaa kwa kupapasa ni zoezi pia. Hurudia tena na tena, hata wale waliozama kwa miaka mingi.

Tulimuuliza kijana wetu: mbona kurudia jambo unalolijua? Akajibu kwamba kujua hakutoshi, kwa sababu siku ya hofu kichwa husahau, lakini mikono iliyozoea haisahau. Akaongeza jambo ambalo tumelitafakari sana. Alisema mzamiaji aliyepatwa na hofu kuu anaweza kukitema kipumulio chake mwenyewe, ilhali mtungini bado mna hewa ya kutosha.

Hapa tukamkumbuka nabii Danieli. Mfalme alipokataza watu wasimwombe mwingine yeyote isipokuwa yeye, Danieli aliingia nyumbani mwake akasali mara tatu kwa siku. Tunajua jinsi tundu la simba lilivyofuata. Lakini Maandiko yanataja jambo dogo tunaloweza kulipita: alisali kama alivyokuwa akifanya tangu awali. Hakuanza sala siku ya amri. Naye Bwana wetu msalabani, katika saa ya giza, alimlilia Baba kwa maneno ya zaburi ambayo watu wake waliisali vizazi vingi. Katika maumivu yale, sala ya siku nyingi ilikuwapo kinywani.

Katika jumuiya yetu yupo mama aliyepoteza kuona kwa ugonjwa wa presha ya macho. Giza lilimjia kidogo kidogo, kisha likamfunika. Tulikwenda kumfariji, nasi tulikuta ameketi na rozari mkononi. Kwa miaka mingi alikuwa akiamka kabla ya alfajiri, na ili asiwaamshe watoto hakuwasha taa. Alisali gizani, akizihesabu shanga kwa vidole, na zaburi kadhaa alizijua kwa moyo. Hatusemi kwamba hakuumia. Alituambia wazi kwamba analia, na kwamba usiku mwingine anaogopa asijue kesho atampikiaje mjukuu wake. Mazoea yale hayakumwondolea hofu. Yalimpa kitu cha kufanya wakati hofu ipo. Mpaka leo umeme ukikatika jioni tukiwa katika sala, sisi wenye macho tunapapasa kutafuta simu zenye tochi, naye anaendelea na fumbo linalofuata bila kukatiza.

Wapo watakaouliza: je, mnataka kutuambia kwamba mwenye mazoezi ataokoka daima? Hapana. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Viktoria, na watu zaidi ya 220 wakafa. Siku mbili baadaye mhandisi mmoja wa kivuko hicho alitolewa akiwa hai ndani ya chombo kilichopinduka, na wazamiaji. Tulimshukuru Mungu kwa ajili yake, na tuliwalilia wale wengine. Hatuwezi kusema waliokufa hawakusali vya kutosha. Kusema hivyo ni kuwaongezea wafiwa msiba. Na hata wazamiaji hodari hufa majini. Mazoezi si hirizi.

Wala mazoezi hayatengenezi hewa. Hili ndilo lililotufungua macho zaidi. Mzamiaji awe hodari namna gani, chini ya maji hawezi kujitengenezea pumzi hata moja. Anaishi kwa ile aliyopewa mtungini. Zoezi linamfundisha tu asiiachie. Nasi hatusali kila jioni ili tutengeneze neema kwa nguvu zetu. Neema ni ya Mungu, na tumekwisha kuipokea katika ubatizo. Tunasali ili siku uso utakapojaa maji, tusikiteme kile kinachotupa uhai.

Basi tumekubaliana mambo machache katika jumuiya yetu. Kila nyumba isali pamoja jioni, hata kama hakuna mgonjwa wala mtihani wa mtoto. Kila mmoja ajifunze zaburi moja kwa moyo, aiseme bila kitabu. Tufunge hata katika mwaka ambao mahindi na maharage yamejaa ghalani. Tusameheane deni dogo la sokoni, ili mkono uzoee kabla halijaja kosa kubwa la kusamehe. Na kwa kuwa mzamiaji asiyeona huongozwa kwa mkono wa mwenzake, tumepanga kutembeleana wawili wawili, ili kila mtu awe na mkono anaoujua kabla ya kuuhitaji.

Hatujui miwani ya nani itatoka kesho: kwa ugonjwa, kwa kufiwa, au kwa kuachwa na aliyempenda. Leo maji ni matulivu. Tuanze leo.