Sifuri ni ya nani?

Nimezoea kuwaandikia juu ya tovuti, hifadhidata na simu, lakini leo nataka kuwasimulia kisa cha pampu. Kisa chenyewe ni changu, na si cha kujivunia.

Miaka kadhaa iliyopita nilipata mkataba mfupi wa kuandika programu ya kituo cha kusukuma maji. Kuna tangi la chini, kuna tangi la juu, na pampu katikati. Tangi la juu likipungua, pampu iwake. Tangi la chini likikauka, pampu izime, maana pampu ikizunguka bila maji hujiharibu. Ubongo wa mtambo ni PLC, yaani kompyuta ndogo ya viwandani inayosoma ishara za swichi na vihisi, kisha inaamuru mota. Mimi wa tovuti nikaona hapa hakuna kazi. Mistari arobaini hivi, nimemaliza!

Hati niliyopewa ilisema tu kwamba maji yakiwa chini, pampu isimame. Nikaandika hivi: ishara ya boya la tangi la chini ikiwa moja, maji yamepungua, zima. Ikiwa sifuri, mambo sawa.

Siku ya majaribio nilikuwa ndani ya chumba cha paneli na laptopu yangu. Fundi wa mitambo alikuwa nje, amepiga magoti kando ya pampu, anakaza boliti za kiungio cha mota. Kifuniko cha kinga kilikuwa bado kiko chini. Swichi kubwa ilikuwa imewashwa kwa sababu fundi umeme alitaka kukagua taa za paneli. Nilijua matangi yote mawili ni makavu, hivyo nikajiambia: tangi la chini halina maji, pampu haiwezi kuwaka. Nikapakia programu, nikaianzisha.

Pampu ikawaka.

Nilisikia mngurumo, halafu ukelele. Nikapiga kitufe chekundu cha dharura na kukimbia nje. Fundi alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye mota, spana mkononi, jasho likimtoka. Alikuwa ameinuka wakati huo huo kuchukua spana ya saizi nyingine. Akaniangalia kwa muda, akasema, "Wewe kijana wa kompyuta, ulitaka nile ugali kwa mkono gani?"

Sikuwa na jibu.

Tulipofungua paneli tukaona kosa. Fundi umeme alikuwa ameunganisha boya kinyume na nilivyodhani. Kwake, moja ni "maji yapo", na sifuri ni "maji hakuna". Na alikuwa na haki! Waya ukikatika au ukiliwa na panya, ishara inakuwa sifuri, na mtambo unapaswa kuchukulia kwamba kuna hatari na kusimama. Ndiyo sababu hiyo hiyo vihisi vingi vya viwandani hutuma mkondo wa miliampia 4 hadi 20, wala hazianzii sifuri. Nne ni kipimo cha chini kabisa. Sifuri ni waya uliokatika.

Jioni tukakaa kikao. Nilitegemea kumpata wa kulaumiwa, ikiwezekana asiwe mimi. Lakini kila mtu alikuwa na karatasi yake na kila karatasi ilikuwa sahihi. Mhandisi wa maji alikuwa ameeleza pampu ifanye nini. Fundi umeme alikuwa amefuata desturi ya usalama. Mimi nilikuwa nimefuata hati. Msimamizi wa mradi alidhani tumezungumza sisi wenyewe. Swali la "sifuri maana yake nini" halikuwa la mtu yeyote, kwa hiyo nililijibu mimi, peke yangu, bila hata kujua kwamba nimejibu swali.

Hilo ndilo somo nililobeba. Katika programu za kawaida, pengo kati ya majukumu ya watu huzaa hitilafu, na kesho unatuma toleo jipya. Kwenye mtambo, pengo hilo huzungusha chuma.

Fundi umeme, mzee aliyetushinda wote kwa umri, akachora jedwali. Kila ishara na mstari wake. Kisha safu nne: nani anaamua maana yake, nani anaunganisha waya, nani anaandika programu, nani anahakiki. Kila kisanduku jina moja tu, na anayehakiki asiwe yule aliyeandika. Chini kabisa akaongeza mstari usiohusu ishara yoyote: nani anashika ufunguo wa kufuli la swichi kubwa wakati mtu yuko kwenye mashine. Pale akaandika jina la fundi wa mitambo. Mwenye mikono ndiye mwenye ufunguo.

Baadaye nikagundua kwamba jambo hili si la kwetu tu. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61511, kilichotoka mwaka 2003 kwa mifumo ya usalama ya viwanda vya mchakato kama vile vya mafuta na kemikali, kinataka wahusika wa kila hatua watajwe na waambiwe wazi majukumu yao.

Kosa langu la pili lilikuwa lugha. Niliandika kwa lugha ya maandishi kwa sababu ndiyo niliyoizoea. Lakini PLC za kwanza, kama Modicon 084 ya mwaka 1969, zilipangwa kwa lugha ya ngazi, inayofanana na michoro ya rilei, ili mafundi umeme waweze kuisoma. Kiwango cha IEC 61131-3 cha mwaka 1993 kiliruhusu zote mbili. Ningechagua ngazi, mzee angeona kosa langu kabla chai haijapoa.

Niliandika upya usiku huo, kwa ngazi. Asubuhi nikampa mzee karatasi, akapita kila mstari kwa kidole, akaweka sahihi yake. Kisha nikatoka nje kumwomba fundi wa mitambo ufunguo. Alimaliza kwanza kufunga kifuniko cha kinga, boliti zote nne, ndipo akanipa.