Mtetemo wa Padi na Mhuri wa Masjala

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kunikuta nikijadili bajeti, katiba na hali ya vyuo vyetu. Leo nawaomba mnivumilie nizungumzie kifaa: ile padi ya kugusa iliyo chini ya kibodi ya kompyuta mpakato.

Mwaka 2015 kampuni ya Apple ilianza kuuza padi isiyobonyea. Chini ya kioo chake mna vihisi vinavyopima nguvu ya kidole, na sumaku-umeme inayokisogeza kioo kidogo mno. Kidole hudanganyika, hudhani kitufe kimeshuka kisha kikapanda. Asiyeamini na aizime kabisa mashine yake, kisha abonyeze tena: kioo kitakaa kimya kama meza.

Niliyajua haya kwa sababu ya mwanafunzi wangu mmoja mwenye uoni hafifu. Sisi wengine huona kitufe kikibadilika rangi, lakini yeye huitegemea ncha ya kidole. Alilalamika kwamba padi yake haimjibu sawasawa anapoperuzi. Tukafungua mipangilio ya mfumo, sehemu ya padi. Hapo mna daraja tatu za ubonyezaji, yaani hafifu, wastani na imara. Yake ilikuwa hafifu, tukaipandisha hadi imara. Ubonyezaji wa nguvu pamoja na mtetemo wake ulikuwa umezimwa, tukauwasha, kisha tukachagua kwamba kamusi ifunguliwe kwa kubonyeza kwa kidole kimoja na si kwa kugusa kwa vidole vitatu. Tangu hapo, akikandamiza neno katika kivinjari cha Safari, huhisi mtetemo wa pili na kamusi hufunguka. Akikandamiza kiungo, huonyeshwa ukurasa unaofuata kabla hajauingia. Iwapo padi ingebaki bubu ningemshauri aiwashe upya kompyuta. Na iwapo kioo kingekuwa kimeinuka au kimekuwa kigumu kubonyeza, ningemzuia kabisa kuitumia, kwani betri iliyovimba huweza kuwa ndiyo sababu, na hiyo ni kazi ya fundi, si ya mhadhiri.

Baada ya wiki chache alirudi, safari hii padi ikiwa nzima. Alikuwa amejaza maombi ya fedha za masomo katika tovuti ya taasisi moja, akabonyeza "Wasilisha", akauhisi mtetemo, akafunga kompyuta. Maombi hayakufika. Alipofuatilia aliambiwa kwamba hakubofya.

Alibofya. Tatizo ni kwamba mtetemo ule hutoka katika mashine yake mwenyewe, wala si katika tovuti. Padi humjibu vilevile hata akibonyeza mahali patupu pa ukurasa, hata intaneti ikiwa imekatika. Iko kanuni ya W3C, nayo ya mwaka huohuo wa 2015, inayouwezesha ukurasa kuomba kifaa kitetemeke, lakini ilikusudiwa vifaa kama simu, na Safari haikuikubali. Chrome nayo iliiwekea sharti mwaka 2017: mtumiaji awe ameugusa ukurasa kwanza, maana matangazo ya kilaghai yalikuwa yakitumia mtetemo kuwatisha watu. Jambo lililonichekesha ni kwamba, kwa mujibu wa kanuni hiyo, ukurasa unaweza kuomba mtetemo, ukajibiwa "ndiyo", na pasitetemeke kitu chochote kwa kuwa kifaa hakina uwezo huo. Watumishi wa umma mnaonisoma mtaitambua tabia hiyo.

Enzi za makaratasi, mwombaji alikwenda masjala na nakala mbili. Moja ilibaki, nyingine ikagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, akarudi nayo nyumbani. Ubishi ukizuka, alikuwa na karatasi. Tulipohamia mtandaoni, taasisi nyingi zilibeba fomu zikauacha mhuri, na mzigo wa kuthibitisha ukamwangukia mwombaji, ambaye hana anachoshika isipokuwa kumbukumbu ya kidole chake. Alama ya kijani inayotokea sekunde mbili kisha ikatoweka haimsaidii asiyeiona. Na picha isiyo na maandishi haisomeki na programu ya kusoma skrini. Namba ya kumbukumbu, tarehe na saa, kwa maandishi, vinavyotolewa baada ya seva kuyahifadhi maombi na si kabla: hili halihitaji zabuni mpya. Nimewaandikia wahusika hivyo, na barua nikaipeleka kwa mkono ili nigongewe mhuri.

Mwanafunzi wangu hakungoja majibu yao. Siku hizi huwasha VoiceOver kwa kubonyeza Command na F5 kabla hajaanza kujaza fomu, na akishawasilisha haondoki mpaka asikie maneno ya uthibitisho yakisomwa. Kisha hubonyeza Shift, Command na 3, akahifadhi picha ya skrini katika faili lenye jina la taasisi na tarehe. Yasiposomwa maneno yoyote, huwasiliana nao siku hiyohiyo, kabla dirisha la maombi halijafungwa.