Maumivu ya kibofu yanayozidi karibu na hedhi: mama na dada, tuandike siku zetu

Ninyi wenyeji wa Bunia na ninyi mliokimbia vita kutoka Djugu na Irumu, leo sileti habari za barabara wala za mikutano. Ninaleta habari za mwili wangu mwenyewe. Kila mara tunapomaliza kipindi cha afya, akina mama wananifuata nje ya studio na kuuliza kwa sauti ya chini: kwa nini kibofu kinaniuma na labo inasema hakuna kitu?

Nina miaka 34. Ni zaidi ya miaka mitatu sasa kibofu changu cha mkojo kinauma. Kinapojaa, kinabana na kuchoma chini ya kitovu. Nikikojoa ninapata nafuu kidogo, halafu kinaanza tena. Siku mbaya ninakwenda chooni zaidi ya mara 15. Katika kituo kimoja cha afya nilipewa antibiotiki mara tano, na kila mara kipimo cha mkojo hakikuonyesha vijidudu. Maumivu yalibaki. Mtaani nako maneno hayakukosa: eti ni ugonjwa wa zinaa, eti nimerogwa.

Muuguzi mmoja ndiye aliyenishauri niandike katika daftari kila siku: maumivu ni makali kiasi gani, nimekwenda chooni mara ngapi, na ni lini nimeona mwezi. Baada ya miezi mitatu ilionekana wazi. Siku nne au tano kabla ya hedhi maumivu yanapanda. Damu ikishatoka siku mbili, yanaanza kushuka. Katikati ya mwezi ninaweza kupanda pikipiki kwenda kutafuta habari bila kuuliza kwanza choo kiko wapi.

Waganga wanaujua ugonjwa huu. Ni maumivu ya kibofu ya muda mrefu, yasiyotokana na vijidudu. Hauambukizi na hautokani na uzinzi. Wanawake wengi wenye ugonjwa huu wanasema unazidi karibu na hedhi. Kibofu na mfuko wa uzazi ni majirani, na mishipa inayopeleka habari za maumivu kutoka sehemu hizo mbili hukutana katika uti wa mgongo. Kabla ya hedhi, homoni za mwanamke hushuka, na mfuko wa uzazi hutoa kemikali zinazoufanya ujikaze. Jirani mmoja akichokozeka, na mwingine anasikia. Kuna pia wanawake ambao nyama inayofanana na ya ndani ya mfuko wa uzazi huota nje yake. Nao huumwa sana siku za hedhi. Ndiyo maana munganga anapaswa kujua tarehe zako.

Dawa ya kuumaliza kabisa haijapatikana, lakini kuna yanayosaidia. Mimi, siku zile mbaya zikikaribia, ninaacha kahawa, soda, pilipili na ndimu. Ninaweka chupa ya maji ya moto, iliyofungwa katika kitenge, chini ya tumbo. Vidonge vya maumivu ninameza kwa ushauri wa munganga, kwa sababu vingine havifai kwa mwenye vidonda vya tumbo au mwenye mimba.

Ninajua kambini mambo ni magumu zaidi. Choo kiko mbali, usiku kuna hatari, kwa hiyo wengi wanaacha kunywa maji kuanzia saa kumi. Mama, mkojo mzito unachoma zaidi. Kunywa kidogo kidogo mchana, na usiku tumia ndoo yenye kifuniko ndani ya hema. Ninyi mnaogawa misaada, kumbukeni ndoo hiyo pamoja na vitambaa vya hedhi. Kanuni za misaada zinataka choo kimoja kwa watu 20. Kwa mwanamke wa namna hii, foleni ya choo ni mateso.

Baba na kaka, mke akiamka usiku mara nne, usimwulize anakwenda kwa nani. Msindikize na tochi.

Lakini usiseme kila maumivu ni ya hedhi. Ukiona damu katika mkojo wakati huko mwezini, ukiwa na homa, ukiumwa mgongo upande mmoja, ukiwa na mimba, au mkojo ukitoka wenyewe bila kuzuilika, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na aliyetendewa kwa nguvu asingoje: ndani ya masaa 72 kuna dawa za kuzuia virusi vya ukimwi.

Wengine, chukueni daftari ya mtoto iliyobaki na kurasa. Asiyejua kuandika achore alama ya mkaa: moja siku nzuri, tatu siku mbaya, na duara siku ya damu. Baada ya miezi miwili au mitatu mpelekee munganga, umwombe azitazame tarehe hizo kabla hajakuandikia antibiotiki nyingine.