Nahodha, Wakatie Njia

Ni mimi niliyemwambia nahodha awakatie pomboo njia. Wazo halikuwa lake, wala wenzangu wa kazini niliopanda nao boti hawakumshurutisha. Yeye alikuwa ameshapunguza mashine, akanyoosha kidole: "Dada, hao wana mtoto. Tuwaache kidogo." Nikamjibu kwamba tumetoka Dar es Salaam kwa ajili yao, azunguke atokee mbele yao, nitamwongezea elfu ishirini. Alinitazama, kisha akafungulia mashine.

Kilichofuata nimekuwa nikikisimulia nusu tu. Boti nyingine zilituona tukikimbia, zikaja nyuma yetu. Pomboo walikuwa wakienda polepole, wamekaribiana, wanapanda kuvuta pumzi na kushuka pamoja. Mtoto alikuwa ubavuni mwa mama yake, pezi lake dogo likichomoza juu ya maji mara tu baada ya la mama. Tulipowatokea mbele, mama aligeuka akajiweka kati ya mtoto na boti yetu. Niliuona ubavu wake wote, wa kijivu, wenye mikwaruzo. Nikavaa miwani nikaruka. Huko chini nilikuta mapovu, miguu ya watu na mngurumo wa mashine. Wao walikuwa wameshazama, na walipoibuka mbali, nilikuwa wa kwanza kupiga kelele tuwafuate.

Hayo yalitokea Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kwenye Ghuba ya Menai, ambayo ni eneo la hifadhi tangu 1997. Zamani wavuvi wa huko waliwawinda pomboo na kutumia nyama yao kama chambo cha papa. Wageni walipoanza kuja mwanzoni mwa miaka ya 1990, pomboo aliye hai akawa na faida kuliko aliyekufa, na uwindaji ukakoma. Hilo ni jema kubwa, na sitaki maungamo yangu yaligeuze kuwa baya. Lakini watafiti waliowafuatilia wanyama hao katika maji hayohayo waliona kwamba boti zikiwazonga, muda wao wa kupumzika na kula hupungua, na muda wa kuhamahama huongezeka. Pomboo hawezi kulala fofofo, kwa sababu lazima akumbuke kupanda kuvuta pumzi. Nusu ya ubongo wake hupumzika huku nusu nyingine ikikesha. Mtoto naye hunyonya chini ya maji, kwa vipindi vya sekunde chache. Ule mwendo wa polepole, ambao mimi niliuona kama nafasi yetu ya kuwafikia, huenda ndio uliokuwa usingizi wao.

Mchana tulikula kijijini. Mama mmoja alitupikia pweza wa nazi, na sijala pweza kama yule tena. Alimchemsha kwanza mpaka akalainika, akamkata vipande vinene vyenye ngozi ya zambarau, akammalizia kwenye tui zito la kitunguu na bizari, halafu akakamulia ndimu sufuria ikiwa imeshaepuliwa. Tulikaa mkekani tukala kwa mkono. Nilipomsifia, alisema, "Mwanangu, huyu ni wa mwamba uliofunguliwa juzi." Akanieleza kwamba wanakubaliana kuufunga mwamba miezi mitatu hivi, hakuna mtu kwenda kuchokoa pweza hapo hata bahari ikipwa mpaka mbali, ili wakue. Pweza hukua upesi. Miezi michache humwongezea uzito mkubwa.

Nilimsikiliza, nikaomba aniongezee wali. Haikunijia hata kidogo kwamba watu wanaoishi kwa pweza wanaweza kumwacha miezi mitatu, nami nilikuwa nimeshindwa kumwacha mama na mtoto wake wapumzike asubuhi moja.

Tuliporudi Mji Mkongwe niliingia kwenye duka la picha za Tingatinga. Sanaa hii nimeipenda tangu utotoni: Edward Saidi Tingatinga aliianza Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akichora kwa rangi za kung'aa za baiskeli juu ya vibao vya masonaiti, na ingawa alifariki mwaka 1972, waliomfuata wameifikisha kila ufukwe wa nchi hii. Nilimwomba mchoraji anichoree pomboo. Alianza na usuli wa samawati unaokolea kuelekea chini, akaweka miili, mwisho kabisa akatia nukta nyeupe moja moja kwa ncha ya brashi, huku amebana pumzi. Picha ni nzuri kweli. Haina boti hata moja.

Niliitundika ofisini, na hapo kosa langu likazaa. Kila aliyesimama mbele yake akauliza safari ile ilikuwaje, nami nikamwambia: nenda, na nahodha akisitasita, mwahidi chochote. Walienda. Walirudi na video, na ndani ya video hizo nikaanza kuona nilichokataa kukiona nikiwa majini, yaani migongo inayokimbia, boti zikiwa zimeizingira pande zote.

Yule nahodha simlaumu. Ana petroli ya kulipia na watoto wa kulisha, na alisema alichopaswa kusema. Mwenye pesa mkononi nilikuwa mimi.

Nimewatafuta wote niliowapa ushauri ule, nikawaambia nilikosea. Anayeniuliza sasa namwambia amlipe nahodha bei yake kamili kabla ya kuondoka, pomboo waonekane wasionekane, amwombe azime mashine mbali, na asiruke majini. Mwenzangu mmoja alifuata hayo juzijuzi. Aliwaona kwa mbali, dakika chache, wakapita. Aliniambia kwa hasira kwamba nimemharibia safari aliyoidundulizia mwaka mzima. Nilimwomba radhi kwa hilo pia, lakini ushauri sikuubadilisha.