Safari ya Kwanza ya Dereva wa Kilungu

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Mombasa, akisha kupita Konza na Malili, huviona vilima vya Kilungu upande wake wa kushoto. Wengi huvitupia jicho mara moja tu, maana hapo barabara huteremka kuelekea Salama na malori ni mengi. Lakini akaaye huko juu hana haraka hiyo. Kutoka ukingo wa vilima yeye huitazama barabara kama mkulima atazamavyo mto ulio mbali. Mchana huona mng'ao wa mabati ya maduka, na usiku huona taa zikifuatana, nyingine zikipanda na nyingine zikishuka, hata alfajiri. Watoto wa Kilungu hujifunza kuhesabu kwa taa hizo kabla hawajafika shuleni.

Kilungu ni nchi ya miinuko mikali. Ni shida kuona shamba ambalo halikukatwa matuta, na wazee wana haki ya kujivunia kazi yao ya "fanya juu", ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu ili mvua isiuchukue. Ukungu huwa mzito asubuhi, na soko la Nunguni hujaa mboga na matunda. Ardhi ni njema, ila si pana. Baba mwenye ekari tatu na wana wanne hawezi kuwagawia wote wakashiba. Kwa hiyo hapakosi kijana aliyekwisha kushuka Salama kutafuta kazi ya lori.

Wala safari ndefu si jambo geni Ukambani. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilichukua pembe za ndovu mpaka pwani, na Kivoi wa Kitui alijulikana hata Mombasa. Huyo ndiye aliyemkaribisha Ludwig Krapf kwake mwaka 1849, mwaka ambao mgeni huyo aliuona mlima Kenya kutoka Kitui. Baadaye reli ilipita chini ya vilima ikafika Nairobi mwaka 1899, na njia ya malori ikafuata karibu na reli. Jukumu la kupeleka mali mbali lilibaki lile lile. Kilichobadilika ni mabega yanayobeba.

Kijana haanzi na usukani. Huanza kuwa utingo, ambaye wengine humwita tanboi. Kazi yake ni kuosha lori, kukaza kamba za turubai, kubadili tairi juani, kulala juu ya mzigo ili usiibwe, na kutia jiwe nyuma ya gurudumu lori lisimamapo mlimani. Kazi hii ya jiwe ni ndogo machoni, lakini utingo aliyechelewa nalo aweza kuua watu. Tena huweka matawi ya miti njiani lori linapoharibika, ili wajao waonywe kabla ya kona. Yafaa aseme mtu ukweli hapa: utingo akisahau kuyaondoa matawi na mawe hayo lori likisha kutengenezwa, huacha mtego kwa mwenziwe ajaye usiku, na kosa hilo huonekana kila wiki.

Baada ya miaka michache huenda akapata leseni ya gari kubwa. Ndipo hugundua jambo la ajabu: kila mwenye malori hutaka dereva aliyekwisha kuendesha tela, wala hakuna apendaye kuwa wa kwanza kumpa mgeni tela lake. Mlango huwa ni ule wa uvumilivu. Mzee mwenye usukani humwachia alisogeze lori uani, kisha alipeleke kwenye pampu ya dizeli, kisha alishike asubuhi moja barabara ikiwa tupu. Leseni hutolewa na serikali, lakini lori hutolewa na mtu aliyemwamini.

Safari ya kwanza ya kushuka pwani ni karibu kilomita 480, na mara nyingi tela huwa jepesi. Salama, Sultan Hamud, Emali, Makindu. Hapo Makindu liko hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, ambalo huwalisha wasafiri bila kuwauliza dini wala kabila, na madereva wengi wana deni la chai kwake. Kutoka Mtito Andei hadi Voi ni nchi ya Tsavo, na mgeni huonywa kwamba ndovu usiku hana taa. Mbele zaidi, Mackinnon Road, uko msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali, msimamizi wa mafundi wa reli kutoka Punjab, ambaye husimuliwa kwamba karai la zege lilielea juu ya kichwa chake. Madereva wa kila dini husimama hapo au hupunguza mwendo. Anayeamini husali, na asiyeamini hupoza injini. Wote wawili hupata faida.

Kupanda na mzigo ndiyo kazi yenyewe. Kontena likisha kufungwa, dereva hukutana na mizani ya Mariakani. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 yaruhusu jumla ya tani 56 kwa lori lenye ekseli saba, lakini hesabu haiishii hapo, maana ekseli nazo zina kipimo chake. Mzigo uliopakiwa vibaya, wote mbele au wote nyuma, waweza kumzuia dereva ambaye jumla yake ni halali kabisa. Mgeni hujifunza kutazama springi na matairi kabla ya kutazama karatasi. Tena bidhaa ziendazo Uganda, Rwanda au Kongo huwekewa kufuli la elektroniki, mpango ulioanza mwaka 2017, na maofisa huufuata mwendo wake kutoka mbali. Lori likisimama mahali pasipostahili, maswali huanza.

Ndiyo maana jambo gumu la safari hiyo ya kwanza halimo katika kitabu cha leseni. Yapata saa tisa ya usiku, baada ya Sultan Hamud, lori lililojaa huanza kupanda kwa gia nzito, polepole kiasi cha mtu kuweza kulifuata kwa mguu. Vilima vya Kilungu vimesimama vyeusi upande wa kulia, na taa mbili tatu zaonekana huko juu. Mojawapo huenda ikawa ya mwaitu, mama yake, aliyeamka kuwasha moto. Kijana hawezi kusimama. Amepita nyumbani kwake akiwa na tani za mali ya watu wengine, na mwaitu, akisikia mngurumo, hajui kama ni wake au wa mwingine.

Ng'ambo ya Nairobi na Nakuru barabara hupanda mpaka zaidi ya mita 2,500 upande wa Timboroa, na hapo kwenye miteremko ndipo udereva hupimwa. Iko tabia ya kuondoa gia na kuliachia lori literemke lenyewe, ambayo madereva huiita kwenda "fri". Sababu yake ni dizeli. Tajiri humpa dereva kipimo cha mafuta, na kinachobaki huuzwa kando ya njia kwa madumu. Basi kila mteremko huonekana kama fedha iliyolala chini. Lakini lori lisilo na gia halishikwi na injini. Hushikwa na breki peke yake, nazo zikisuguliwa muda mrefu hupata moto na kupoteza nguvu. Dereva hukanyaga, na chini ya mguu hapana kitu.

Mahali pa Salgaa pamejulikana kwa habari hizi kuliko panapostahili kujulikana mji wowote. Hapo karibu, Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilianguka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye njia panda ya Londiani, lori lenye kontena liliacha barabara likaingia kati ya wachuuzi na abiria waliosimama kando, na watu wapatao 50 wakapoteza maisha. Hawakuwa wakisafiri wote. Wengine walikuwa wakiuza mboga tu, kama mama wa Nunguni auzavyo.

Madereva wazee wana kanuni moja: gia ambayo ungepandia mlima ndiyo utakayoshukia. Kijana wa bondeni hulazimika kuikariri. Kijana wa Kilungu aliijua kabla hajaiona motokaa, kwa kuwa alimwona mama yake akishuka na mzigo wa kuni mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso, akiweka mguu baada ya mguu, wala hakumwona hata siku moja akikimbia.

Usingizi nao ni adui. Sheria ya Kenya hairuhusu dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa nane katika saa 24, lakini posho hulipwa kwa safari, si kwa usingizi, na wengi hutafuna miraa ili waongeze safari. Kisha iko foleni ya Malaba. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa COVID-19, malori yalipangana kilomita nyingi yakingojea vipimo, na madereva wakaogopwa katika miji ile ile iliyokuwa ikiwauzia chakula. Reli mpya nayo, iliyoanza kuchukua makontena mwaka 2018, iliwapunguzia wengi kazi, mpaka serikali iliporudisha shughuli za kutoa mizigo bandarini Mombasa mwaka 2022. Atakaye kazi hii na ajue kwamba yaweza kukatwa na kalamu ya mtu asiyemwona.

Kijana akirudi likizo hushuka Salama, akapanda matatu mpaka juu, na kesho yake baba humpa jembe kwa kuwa tuta moja limebomoka. Usiku wadogo zake humvuta uani wakitaka awaambie taa ipi ni ya lori na ipi ni ya basi. Hunyamaza kidogo. Upepo ukija upande wao husikia injini ikinguruma kwa gia nzito, ikishuka polepole kuelekea Salama. Huwaambia kwamba huyo anateremka vizuri, kisha huingia ndani akalala.