Kioo cha Madereva Wawili

Kioo kikigeuka digrii moja, unachokiona ndani yake kinahama digrii mbili. Hiyo ni fizikia ya Form One. Wengi wetu tuliikariri tupite mtihani, kisha tukaiacha hapo hapo darasani. Mimi ilinirudia miaka mingi baadaye, nikiwa nimesimama kando ya lori la mawe pale Ruiru, nikijaribu kuelewa ni vipi mtu mwenye macho mazima hakuona nduthi iliyokuwa ikimfuata upande wa kushoto, mchana peupe.

Lori lenyewe ni Mitsubishi FH, kuukuu lakini la kazi. Si la mjomba wangu, yeye ni dere tu. Anabeba mawe ya kujengea kutoka machimbo ya Ndarugu, nje ya Juja, anayashusha Kimbo, Membley, Kihunguro, popote ghorofa inapoota. Na tangu Thika Road ipanuliwe ikafunguliwa mwaka wa 2012, ghorofa zinaota kama uyoga. Lori halilali. Mchana ni la mjomba, usiku ni la mwenzake. Mjomba ana futi tano na inchi nne. Mwenzake ni mlingoti wa mtu, halafu ana shida ya mgongo, kwa hivyo huja na mto wake wa kukalia na asubuhi huondoka nao.

Asubuhi moja mwaka juzi mjomba alipokea lori, akapakia, akashuka Ruiru. Alipokuwa anakata kushoto kutoka service lane kuingia barabara ya murram, lori likamkumba mtu wa boda aliyekuwa anampita kwa ndani. Mguu ulivunjika mahali pawili. Alipona, nashukuru, ila anachechemea mpaka leo. Askari aliyekuja kupima barabara alimuuliza mjomba kama hakuangalia kioo.

"Niliangalia," mjomba akasema. "Kilikuwa kinanionyesha mbingu."

Askari alidhani anafanyiwa mzaha. Mimi pia, kusema kweli, nilidhani ni maneno ya mtu aliyeshtuka. Halafu nikapanda kwenye kebini nikakaa kwenye kile kiti.

Hesabu yake ni hii. Ukiweka ule mto, macho ya madere hao wawili yanapishana kama sentimita 20. Kutoka kiti cha dere hadi kioo cha kushoto ni mita mbili hivi. Ukigawanya, unapata karibu digrii sita. Yaani kioo kilichowekwa sawa kwa yule mrefu, mfupi akikitazama, picha yote inapanda digrii sita. Mita kumi nyuma ya kioo, hiyo ni mita nzima. Kioo chenyewe kina urefu wa sentimita 30 tu, kwa hivyo hakikuwa na barabara ya kumpa. Kilimpa juu ya mabati ya maduka, nyaya za stima na mawingu. Helmeti ya mtu wa boda ilikuwa chini ya ukingo wa picha. Mjomba hakudanganya hata neno moja.

Na mbona hakukirekebisha? Swali hilo huulizwa na watu ambao hawajawahi kukaa kwenye kebini ya lori. Kioo cha kulia unanyoosha mkono, umemaliza. Cha kushoto huwezi kukifikia ukiwa umekaa, na ukihama ukifikie, umeshatoka mahali pa kuangalia. Lazima taniboi asimame pale nje na spana namba 14, wewe upige kelele kutoka kitini: juu kidogo, juu, si hivyo, rudisha, hapo hapo, umepitisha. Saa kumi na moja asubuhi, kukiwa na giza, na foleni ya kupakia iko nyuma yako na unalipwa kwa trip. Bolti imeshika kutu. Nimemwona taniboi akiigonga na jiwe. Kwa hivyo kioo hubaki kwa yule aliyekirekebisha mwisho, na mwenzake huendesha kwa imani. Kikiwa cha mjomba, yule mrefu naye usiku huona lami tu.

Baada ya ajali mjomba alianza kuogopa kushoto. Kila kona ya kushoto alisimama kabisa, taniboi anashuka, anazunguka, anapiga bodi makofi mawili, ndipo lori linakata. Ni vizuri, hakuna atakayelaumu. Lakini trip zikashuka kutoka nne hadi tatu kwa siku, na mwenye lori akaanza kuuliza maswali yale ya upole ambayo kila mwajiriwa anajua yanaelekea wapi.

Mimi niliacha uhandisi wa mitambo mwaka wa pili, ada ilipokatika. Sasa ninaandika. Makala za watu wa mbali ambao hawataki majina yetu, maneno elfu moja kwa dola kadhaa, usiku, bundles zikiwepo. Wiki moja niliagizwa kuandika kuhusu vioo vya malori kwa duka moja la vipuri Uingereza. Ndivyo nilivyojua kwamba London, tangu 2021, lori la zaidi ya tani 12 haliingii bila kibali kinachopimwa kwa nyota, kulingana na kiasi ambacho dereva anaona kwa macho yake kupitia madirisha, na kwamba Oktoba 2024 walipandisha kiwango kutoka nyota moja hadi tatu. Nilijua pia kwamba mwaka wa 1909 Dorothy Levitt, dereva wa mbio, aliwashauri wanawake wabebe kioo kidogo cha mkononi garini, wakiinue mara kwa mara waone nyuma. Hiyo ni miaka miwili kabla Ray Harroun hajashinda Indianapolis 500 akiwa na kioo kwenye gari lake, jambo ambalo ndilo hutajwa zaidi. Mimi napenda cha Levitt. Kioo cha mkononi hakina dere mfupi wala mrefu. Unakiinua wewe, kinakuonyesha wewe.

Nikachora. Michoro yangu ya kwanza ilikuwa ya mtu aliyesoma miaka miwili ya uhandisi, yaani mingi na mizuri. Mmoja ulitumia kebo ya klachi ya nduthi, dere avute kutoka ndani. Mwingine ulitumia kile kichwa cha mviringo cha tairodi ya Probox, kioo kizunguke kila upande kama shingo ya bundi. Nikapanda matatu hadi Thika, kwa fundi mmoja wa kuchomelea pale Makongeni ambaye mjomba anamwamini.

Thika haijaanza kujua malori jana. Kuna kiwanda pale kilichoanzishwa 1974 kikiitwa Leyland Kenya, siku hizi KVM, cha kuunganisha magari, na ufundi wa aina hiyo hauishii getini. Unamwagika hadi vibandani. Huyu fundi hakusoma mchoro wangu kama ninavyosomewa na wateja wangu. Aliuweka kwenye meza, akaufuta vumbi la grainda, akauliza, "Hii kebo nani ataitia grisi?" Sikuwa na jibu, naye hakuwa anasubiri jibu. Akaenda kwa ule wa tairodi. Huo aliutazama sana. Ndipo akaniuliza swali ambalo naamini ndilo lililounda kile kioo:

"Unataka kiende kila mahali, ama unataka kiende mahali pawili?"

Manze. Mahali pawili. Madere ni wawili. Kioo kinachoenda kila mahali lazima kitafutiwe mahali pake kila siku, na ndiyo ile kelele ya juu kidogo, rudisha. Kinachoenda mahali pawili unakitafutia mara moja tu, basi.

Tulichotengeneza ni hiki. Kioo na fremu yake vimening'inizwa kwenye bawaba nzito ya geti, iliyolazwa, ili kiinamie mbele na nyuma tu. Nyuma ya fremu kuna kipande cha chuma chenye bolti mbili, moja juu ya bawaba, moja chini. Kioo kikiinama kinagota bolti moja, kikiinuka kinagota nyingine. Kila bolti ina nati mbili zilizobanana ili isilegee, na kichwani ina kiraka cha raba ya tairi ili isigonge-gonge. Sasa, nini kinakishikilia pale kilipogota, lori likiruka kwenye mashimo ya Ndarugu? Hapa fundi alifanya kitu kilichonifurahisha kuliko chochote nilichofunzwa darasani. Aliinama kwenye nduthi iliyokuwa imeegeshwa nje, akapiga stendi yake teke. Juu, tap. Chini, tap. Ile springi ya stendi huvuta upande mmoja, ukiivusha katikati inavuta upande wa pili. Haijui kukaa katikati. Akanituma ninunue moja.

Kwa hivyo dere anayepokea lori anajisogeza hadi dirisha la kushoto, anasukuma kioo kwa kiganja, tap, anarudi kwenye kiti chake. Sekunde nne. Kichwa cha bolti ya mjomba ni chekundu, cha mwenzake ni cheupe. Tulipomaliza kuziweka sawa nilipima tofauti kati ya mahali pa mmoja na pa mwenzake, pale ukingoni mwa kioo. Ilikuwa milimita nane hivi. Fizikia ya Form One inasema ni hivyo hasa, maana kioo kinahitaji kugeuka digrii tatu tu ili picha ihame sita, lakini kuiona kwenye rula ni kitu kingine. Milimita nane, na mguu wa mtu.

Chini ya fremu tulibandika kile kioo kidogo cha duara, kioo mbinuko, cha kuona karibu. Mjomba havipendi hivyo. Anasema vinamdanganya, matatu iko hapa kinaonyesha iko Githurai. Ni kweli, mbinuko hupunguza vitu ili uone vingi, na ndiyo sababu kile kikubwa kilibaki bapa. Tulikubaliana hivi: kidogo ni cha kujua kama kuna mtu, kikubwa ni cha kujua yuko umbali gani.

Jumapili moja tukalipeleka lori kwenye kiwanja kilicho wazi Ruiru. Tukapanga mitungi ya njano ya lita 20 upande wa kushoto, kutoka gurudumu la mbele hadi mita 25 nyuma, kila mmoja na namba ya chokaa. Mjomba akakaa, mimi nikaandika. Halafu mwenzake akaja na mto wake, akasukuma kioo, tap, naye akahesabu. Orodha zao zikalingana isipokuwa mtungi mmoja. Kabla ya hapo, na kioo cha mrefu, mjomba hakuwa ameona hata mmoja kwenye kile kikubwa.

Mtungi uliokuwa chini kabisa ya dirisha la kushoto, karibu na gurudumu la mbele, hakuna kioo kilichouonyesha, si kikubwa si kidogo. Naandika hilo makusudi. Kona za kushoto taniboi bado anatoa kichwa nje, na anapaswa kutoa. Wale watu wa London hawakuanza kupima madirisha bure.

Mtu wa boda pia alikuja. Mjomba ndiye aliyempigia. Wao wawili wamekuwa na mazungumzo yao tangu hospitali, mengine mazito, na sikualikwa kwayo. Alikuja na nduthi, akaiendesha polepole kutoka nyuma ya lori upande wa kushoto, mjomba akiwa kitini. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Tulinyamaza. Kutoka kebini tukasikia mjomba, "Nakuona. Nakuona. Bado nakuona. Nakuona." Alipofika pale kwenye mtungi wa gurudumu, sauti ikakatika. Mtu wa boda akasimama hapo hapo, akatazama juu kwenye dirisha, akapiga honi.

Jumla ya gharama, pamoja na kazi ya fundi, ilikuwa shilingi 2,300, kioo chenyewe kikiwa kile cha zamani. Mwenye lori hakutoa hata shilingi kumi, ila trip zimerudi nne na yale maswali yake yameisha. Mwezi uliofuata malori mengine mawili ya pale machimboni yalifungwa. Moja fundi wetu hakulitengeneza yeye. Mtu alipiga picha kwa simu, akaenda kwa jirani.

Nilimuuliza fundi kama tuipeleke KIPI, pale wanaposajili uvumbuzi, maana kwa vitu vidogo kama hiki sheria yetu ina ulinzi wa miaka kumi usio na masharti makali ya hataza kamili. Alicheka hadi akavua miwani ya kuchomelea. "Bawaba ni ya geti, springi ni ya boda. Wewe unataka kusajili nini, ile tap?" Mimi bado sijaamua kama anakosea. Ninajua jinsi ya kuandika kitu kikachukuliwa na jina la mtu mwingine, ndiyo kazi yangu, na sikipendi. Lakini pia nimehesabu malori yanayokata kushoto pale Ruiru saa kumi na mbili asubuhi, na sitaki kuwa mtu anayesimama kati ya hayo malori na bolti mbili.

Juzi mjomba amenipigia. Mwenye lori ameajiri dere wa tatu, wa wikendi, mwanamke kutoka Gatundu. Kimo chake ni cha katikati. Nimempigia fundi nikamweleza. Alinyamaza muda mrefu, nikisikia grainda nyuma yake, kisha akaniambia niende Jumamosi, na nibebe karatasi.